Kompyuta ya Kulinda Mayai

Mama hufuga kuku wa kienyeji hapa Singida, nami nimeazimia kumtengenezea mashine ya kutotolea vifaranga. Yahitaji kompyuta ndogo ya kulinda joto la nyuzi 37.5 kwa siku 21. Wenzangu waisifu Raspberry Pi Zero 2 W, iliyotoka mwaka 2021 kwa dola 15. Ina nguvu kweli, lakini umeme ukikatika ghafula kadi yake ya kumbukumbu yaweza kuharibika, na umeme wetu twaujua! Pico, iliyotoka mwaka huohuo kwa dola 4, haihitaji kadi. Umeme ukirudi huanza kazi papo hapo. Si ya kutazamia sinema, lakini yai halitazami sinema. Basi nimechagua Pico. Joto likipotea gizani, mama ameahidi blanketi. Mayai 12 yananingoja likizo.