Mkono wa Kushoto

Vijana wanaoniuliza habari za mapigano ya fimbo ya Wafilipino huanza na majina: arnis, eskrima, kali, chama kipi kikali zaidi, bingwa gani hakupata kushindwa. Mimi huwaambia watazame mkono wa kushoto. Mkono wa kulia, ule wenye silaha, unafanana karibu kila mahali, kwa sababu pembe za kumpigia binadamu si nyingi. Wa kushoto ndio unaokuonesha mwalimu anamwandaa mwanafunzi wake kwa hatari gani. Hayo niliyaona kwa macho yangu kati ya mwaka 1983 na 1986, na katika miaka yote iliyopita tangu hapo sijapata sababu ya kusema vingine.

Nilikwenda Ufilipino kusomea mpunga. Zanzibar ilihitaji watu wa kilimo cha umwagiliaji, nami nikapelekwa Los Baños, mkoa wa Laguna, chini ya mlima Makiling. Hapo ndipo ilipo Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, iliyoanzishwa 1960 na kutoa ile mbegu mashuhuri ya IR8 mwaka 1966. Mimi ni mtu wa Makunduchi. Nimekua nikiona wanaume wazima wakichapana kwa vipande vya migomba kila Mwaka Kogwa, na ugomvi wa mwaka mzima ukiishia pale uwanjani. Kwa hiyo nilipoona fimbo ugenini sikushangaa. Kilichonishangaza ni elimu iliyokuwa ndani yake.

Darasa la kwanza nililikuta palepale chuoni, ukumbi wa michezo, saa za jioni. Wanafunzi kiasi cha arubaini wamejipanga safu kwa safu, kila mmoja na fimbo mbili za henzerani zenye urefu wa sentimita 70 hivi. Mwalimu anahesabu, isa, dalawa, tatlo, apat, na wawili wawili wanageukiana, wanagonganisha fimbo juu, chini, juu, kisha upande wa pili. Zoezi hilo linaitwa sinawali. Henzerani ikigongwa sana hutoa harufu ya kuungua, na baada ya nusu saa ukumbi mzima ulikuwa unanuka hivyo. Haipasuki ikatoa ncha kali kama miti mingine, bali huchambuka nyuzi nyuzi, ndiyo maana inapendwa kwa mazoezi.

Mwalimu yule alifuata njia ya Remy Presas, mzaliwa wa Hinigaran katika kisiwa cha Negros, ambaye wakati huo alikuwa ameshahamia Marekani tangu 1975. Presas aliona vijana wa nchi yake wakikimbilia karate na judo za Wajapani, huku fimbo ya babu zao ikibaki kwa wazee. Sababu mojawapo ilikuwa maumivu tu. Kwa desturi ya zamani shabaha ya kwanza ni mkono wa adui ulioshika silaha, na mwanafunzi alijifunza kwa kupigwa mkononi. Wengi walivimba vidole wakaacha. Yeye akasema mazoezini fimbo ipige fimbo. Akayapanga mapigo kumi na mawili, kila moja na namba yake, kuanzia panja la kushoto hadi utosini, na mwaka 1974 akatoa kitabu. Kuanzia hapo kitu kilichokuwa cha uani na cha siri kikaweza kufundishwa skuli na vyuoni.

Katika sinawali mkono wa kushoto haupumziki hata kidogo. Una fimbo yake, una zamu yake, na baada ya wiki chache mtu aliyekuwa hawezi hata kufunga kifungo kwa mkono huo anaanza kupiga kwa mikono yote miwili sawasawa. Nawaheshimu sana watu wa njia hii, na sikubaliani na wanaosema kwamba wanacheza ngoma tu. Watu arubaini wasiojua lolote walijifunza umbali, mwendo wa miguu na kutokufumba macho fimbo inapokuja, na hakuvunjika mtu kidole. Lakini katika ukumbi ule kila mtu alijua pigo linalofuata litatokea wapi. Mwalimu alikuwa ameshalihesabu kwa sauti.

Jumapili nikiwa na nafasi nilipanda basi kwenda Manila, safari ya kilomita 60 hivi. Jiji lilikuwa na hofu na hasira, maana kiongozi wa upinzani, Benigno Aquino, alikuwa ameuawa uwanja wa ndege mwezi wa Agosti 1983, na watu walisema waziwazi mambo ambayo mwaka mmoja nyuma wasingethubutu. Katika bustani ya Luneta, pembeni mbali na wauza puto na familia zilizotandika mikeka, walikutana wanaume wachache wa kundi la Antonio Ilustrisimo. Wote walimwita Tatang, yaani baba. Alizaliwa 1904 katika kisiwa cha Bantayan, akawa baharia, na hadi miaka ya 1970 alikuwa hataki kufundisha mtu. Nilipofika mimi alikuwa anakaribia miaka 80, na waliokuwa wakifundisha wageni kama sisi ni wanafunzi wake.

Pale hapakuwa na safu wala hesabu. Waliingia wawili, wengine wakatazama. Fimbo zao nyingi zilikuwa za kamagong, mti mweusi mzito ulio wa ukoo mmoja na abunusi, na baadhi walishika mapanga yaliyofutwa makali. Mtu anakaa nje ya umbali wa kufikiwa, anangoja, kisha anaingia mara moja, anakata mkono, anatoka. Wana mwendo wanaouita sagang labo, ambamo kinga na shambulio ni kitu kimoja: silaha yako inakutana na pigo la mwenzako na hapohapo imekwisha kumkata. Kila kitu kilikuwa kifupi. Nilipomwuliza mmoja wao kwa nini hawafanyi mazoezi marefu ya kupokezana, alinijibu, "Ukiona fimbo mkononi mwangu, ona panga. Panga halikupi zamu ya pili."

Mkono wa kushoto wa watu wale ulikaa kifuani, karibu na moyo, umekunjwa. Hawakuutuma kukamata silaha ya mwenzao, kwa kuwa anayeshika panga kwa kiganja anapoteza kiganja. Ukipata nafasi utagusa kifundo cha mkono wake au kiwiko, kisha unaurudisha mkono wako mahali pake. Nilichojifunza Luneta ni umbali. Walinisimamisha nje ya ncha ya kamagong kwa muda mrefu sana kabla hawajaniruhusu kuingia, na wala sikuona kuwa ni dharau. Walikuwa wananifundisha kuogopa kitu kinachostahili kuogopwa.

Cebu nilipelekwa na mwenzangu wa bweni, ambaye mjomba wake alikuwa fundi wa magari ya jipni. Tulipanda meli kutoka Manila, usiku mzima na sehemu kubwa ya siku ya pili. Mjomba yule tulimwita Nong, kama ilivyo adabu ya Wacebu kwa mwanamume aliyekutangulia umri, naye akaniita Dong kama anavyowaita vijana wake. Alifundisha Balintawak.

Ili kuelewa Balintawak ni lazima kujua ugomvi wa mji ule. Mwaka 1920 familia ya Saavedra ilianzisha klabu ya mapigano mtaa wa Labangon, na ilipovunjika, mwaka 1932 wakaungana na ndugu wa ukoo wa Cañete kuanzisha chama cha Doce Pares. Mwanafunzi hodari wa Lorenzo Saavedra alikuwa Venancio Bacon, mtu mdogo wa umbo, ambaye wote walimwita Anciong. Bacon alijitoa, na mwaka 1952 akaanza kufundisha nyuma ya duka la fundi saa katika barabara ya Balintawak, ndipo lilipotoka jina. Kwa miaka mingi watu wa pande hizo mbili walipeana changamoto za kupigana bila kinga yoyote. Bacon alifariki 1981, kwa hiyo sikumkuta. Lakini Nong alikuwa amepata kupigwa na Bacon mwenyewe, na alilisema hilo kama mtu anayetaja skuli aliyosoma.

Nong alifundisha mtu mmoja kwa wakati mmoja. Mnasimama uani, karibu kiasi kwamba mkinyoosha mikono mnagusana, kila mmoja na fimbo moja tu. Anakupiga, unakinga, unarudisha, anakinga, anakupiga tena. Mwanzo anafuata mapigo kumi na mawili kwa mpangilio. Baadaye mpangilio unaondoka. Pigo linatoka kokote, linabadilika katikati ya njia, linageuka kuwa kuchoma au kusukumwa kwa kiganja, na yeye anaendelea kuongea nawe kama anakuuliza habari za nyumbani. Wanaliita agak, kumwongoza mwanafunzi. Mwalimu anapima kasi yako, anakwenda mbele yako kidogo tu, na fimbo yake inasimama kwenye ngozi yako. Sijapata kuona popote mtu akishambuliwa kwa ukali namna ile na akaondoka bila jeraha.

Na hapa mkono wa kushoto ni mfalme. Unapangua fimbo ya mwenzako, unaibana, unaisukuma, unasoma uzito wake unahamia mguu upi. Nong alinifunga fimbo na mkono kwa kiganja kimoja tu, nikabaki sina cha kufanya, kisha akaniachia na kunionesha nilivyoingia mwenyewe mtegoni. Ufundi huo wa kumlazimisha mtu atoe jibu unalolitaka wanauita cuentada. Aliyezoea bao atauelewa upesi: unamwachia mwenzako kete moja ili ale, ukijua atakapoishia.

Baadhi ya wanafunzi wakubwa wa Bacon, akina Jose Villasin na Teofilo Velez, walikuwa wameigawa elimu hiyo katika mafungu ili iweze kupitishwa kwa utaratibu, kwa sababu Bacon mwenyewe alifundisha lolote lililomjia. Nong alichanganya njia zote mbili. Alisema mafungu ni ngazi nzuri kwa mwanafunzi na ni kitanda kibaya kwa mwalimu.

Likizo moja alituchukua kwenye mashindano. Tangu 1979, mashindano ya kwanza ya taifa yalipofanyika Cebu, akina Cañete walikuwa wakiendeleza mchezo wa kinga: kofia yenye wavu wa chuma usoni, fulana nene, glavu, na waamuzi wa kuhesabu mapigo. Ciriaco Cañete, maarufu Cacoy, aliyebuni njia yake ya eskrido kwa kuchanganya fimbo na miereka na mikunjo ya judo, alikuwa miongoni mwa washindi wa mwaka ule. Tulichokiona ukumbini ni vijana wenye ushujaa mkubwa wakimiminiana fimbo kwa kasi isiyo na pumzi, kichwa kwa kichwa, bila kujali wanapigwa. Mkono wa kushoto uliwekwa nyuma au uliachwa uninginie. Haukuwa na kazi.

Nong alimwambia mzee mmoja wa Doce Pares aliyeketi karibu nasi, jirani yake wa siku nyingi, "Wavue zile kofia, halafu tutazame." Yule mzee hakukasirika. Akasema, "Nong, sisi tulipigana bila kofia mara chache sana, na kila mara mmoja wetu alikwenda hospitali. Mjukuu wangu yule pale anapigana kila wiki, na Jumatatu yuko darasani. Nani anajua zaidi pigo likija kwa chuki linafananaje?"

Waliendelea hivyo mpaka taa za ukumbi zikazimwa. Mimi nilikaa katikati yao, na naona hadi leo kwamba kila mmoja alikuwa na haki yake. Kijana wa kofia amepigwa na mtu anayetaka kweli kumpiga, jambo ambalo mwanafunzi wa uani huenda asilipate maisha yake yote. Lakini kofia imemfundisha kukubali pigo moja ili atoe matatu, na watu wa Luneta wangemwambia kuwa pigo hilo moja lingemaliza habari. Hata hivyo, kama ningelazimishwa kuchagua, ningerudi uani kwa Nong. Agak ndiyo njia pekee niliyoiona ambayo humpa mwanafunzi hofu, jibu na usalama kwa pamoja. Ubaya wake ni kwamba inahitaji bwana mmoja kwa kila mwanafunzi, na miaka mingi ya bwana huyo.

Niliondoka 1986, miezi michache baada ya Rais Marcos kukimbia nchi. Mwaka 1989 Cebu iliandaa mashindano ya dunia, ya kofia na fulana nene. Mwezi Desemba 2009 Sheria ya Jamhuri namba 9850 ikaifanya arnis kuwa mchezo wa taifa na kuiingiza katika masomo ya mazoezi ya viungo. Nilifurahi kwa dhati, na nilijua pia ni arnis ipi itakayoingia darasani: ile inayoweza kufundishwa watu arubaini kwa mwalimu mmoja.

Nong ameshafariki. Mjukuu wake anafanya kazi Dubai na siku ya mapumziko huwafundisha Wafilipino wenzake na Waarabu wawili watatu. Nilipopita huko kumtembelea mwanangu nilikwenda kumwona. Huanza na sinawali kwa wote, kisha huwachukua mmoja mmoja kwa agak wengine wakitazama, na kwa wakubwa hutoa visu vya mazoezi. Visu vinapotoka huwaamuru waurudishe mkono wa kushoto kifuani. Nikamwambia babu yake asingekubali. Akanijibu kwamba siku hizi mtu akikushambulia mjini hana fimbo, ana kisu. Nikamwomba anishambulie kwa kisu cha mpira. Nilipangua mara mbili kwa kiganja cha kushoto kama nilivyofundishwa uani, na mara ya tatu akanichora kwenye kifundo. Yeye aliona hilo ni ushahidi wake, mimi nikaona mara mbili za kwanza ni ushahidi wangu, na mpaka sasa tunaandikiana juu ya jambo hilohilo.