Mfuko wa Kulalia Usiloe Maji

Likizo ya Agosti inapokaribia, wazazi wengi jijini huletewa karatasi kutoka shuleni yenye orodha ya vitu atakavyobeba mwanafunzi katika safari ya Mlima Kenya. Viatu imara, koti la mvua, tochi, na mahali fulani katikati, pasipo maelezo yoyote, mfuko wa kulalia. Karatasi aliyoniletea binti yangu haikusema neno lolote kuhusu namna ya kuubeba mfuko huo, na kwa maoni yangu hilo ndilo lililostahili kuandikwa kwa herufi kubwa.

Njia ya Naro Moru naijua. Ukiondoka kituo cha Met Station, kwenye mita 3,050 hivi, unamaliza msitu kisha unaingia kinamasi kirefu chenye mafundo ya nyasi, ambapo maji yanakujia kutoka juu na kutoka chini. Asubuhi jua huwaka vizuri. Kufikia alasiri ukungu umepanda na mara nyingi mvua imeufuata. Unapofika kambi ya Mackinder, mita 4,200 hivi, hakuna pa kuanika kitu. Usiku baridi hushuka chini ya sufuri, hata kama ikweta iko karibu tu hapo.

Nilipopanda na wenzangu wa chuo, mmoja wetu alikuwa ameufunga mfuko wake nje ya shanta kwa kamba mbili, kama ilivyokuwa katika picha za wapanda milima. Ulikuwa mzuri kuliko yetu yote, wa manyoya ya bata. Jioni tuliukamua ukatoa maji kama kitambaa cha kupigia deki. Manyoya hayo hutunza joto kwa kuwa hufura na kushika hewa. Yakiloa hugandamana vibonge, hewa ikatoka, na joto nalo likatoka. Mifuko ya poliesta huvumilia kidogo zaidi, lakini nayo ikiloa ni mateso.

Saa nne za usiku mwenzetu alikuwa akitetemeka. Baadaye alitulia, na maneno yake yakaanza kukokota kama ya mlevi. Mzee aliyekuwa akituongoza aliposikia sauti hiyo aliruka kutoka kitandani. Mtu mwenye baridi akiacha kutetemeka kabla hajapata joto, alituambia, hiyo si nafuu. Tulimvua nguo zilizoloa, tukamvika sweta kavu na kofia, tukamwingiza katika mfuko mkavu huku wawili wetu wakimbana kila upande, na kwa kuwa bado aliweza kumeza, akanyweshwa chai tamu. Palipopambazuka aliteremshwa. Mfuko hauna moto ndani yake, msomaji. Moto ni mwili wako, nao mfuko kazi yake ni kuuzuia usikimbie.

Zamani watu walitia mfuko mkubwa wa plastiki ndani ya shanta. Lakini mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika mbuga na hifadhi, kwa hivyo usimpakie mtoto kitu kitakachomwaibisha langoni. Mimi siisikitikii, ilikuwa ikipasuka upesi. Kuna mifuko ya nailoni nzito isiyopenya maji, ambayo mdomo wake huviringwa mara tatu kisha ukafungwa. Fundi naye anaweza kukushonea mmoja kutokana na koti kuukuu la mvua, ila matundu ya sindano yazibwe kwa gundi. Sisi tuliujaribu wetu nyumbani: tuliujaza magazeti, tukaukandamiza ndani ya karai la maji kwa dakika kumi. Magazeti yalitoka makavu.

Usiukunje mfuko wa kulalia kama shuka. Ushindilie kwa ngumi, upande wa miguu kwanza, toa hewa, uviringe mdomo, kisha uuweke chini kabisa ndani ya shanta. Chupa ya maji ikae mbali nao. Kifuniko cha shanta hakitoshi, maana maji huteremka mgongoni na kuingia kwa nyuma. Hata kama mpagazi ndiye atakayeubeba, ufunge vivyo hivyo.

Ukifika kambini utoe mapema ufure. Usiingie na soksi za mchana, na usifiche pua ndani, kwani pumzi ni maji. Asubuhi jua likitoka, ugeuze ndani nje juu ya jiwe wakati chai inachemka.

Nyumbani usiuache umeshindiliwa, utapoteza uwezo wa kufura. Wetu tumeutundika kabatini, umechukua nafasi ya makoti mawili, na mama watoto hajaacha kulalamika.