Stakabadhi Mfukoni, Daftari Mezani

Wahenga walisema kwamba macho hayana pazia, na hapana mahali neno hili linapothibitika zaidi kuliko katika yadi ya magari. Mtu huingia humo na hesabu kamili kichwani, akatoka akiwa ameiacha hesabu hiyo juu ya boneti linalong'aa. Ndivyo ilivyomfika Sajini mmoja wa jeshi la Uganda, dereva wa malori kwa miaka 23, alipokwenda kutafuta gari lake la kwanza maishani.

Fedha za kununulia gari hilo hazikupatikana kwa urahisi. Uganda ilipeleka askari wake wa kwanza Mogadishu mwezi Machi 2007, na Sajini alikwenda huko mara mbili katika miaka iliyofuata. Posho aliyoipata katika joto na vumbi la Somalia aliiweka katika ushirika wa akiba na mikopo, asiiguse. Mkewe, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, akaongezea faida ya kuku wake wa mayai. Nia yao ilikuwa moja. Watoto wao watatu walikuwa wakipelekwa shuleni juu ya pikipiki moja, wamebanana nyuma ya dereva wa bodaboda. Siku moja mtoto wa katikati aliunguzwa mguu na bomba la moshi, na kovu lake halijafutika. Tangu siku hiyo Mwalimu alisema kwamba mwaka hautakwisha kabla gari halijapatikana.

Walikubaliana liwe gari dogo la milango mitano, lisilokunywa petroli kupita kiasi. Lakini Sajini alikuwa na siri ya moyoni. Mwaka 1999, Charles Muhangi alipotwaa ubingwa wa Afrika wa mbio za magari, yeye alikuwa mwanafunzi, na kama wavulana wengi wa rika lake alikuwa akisimama kando ya barabara ya vumbi kuyangoja magari ya mashindano yapite. Baadaye alivaa gwanda, akakabidhiwa lori. Kwa miaka 23 alikwenda kwa mwendo wa msafara, nyuma ya lori moja na mbele ya jingine. Kwa hiyo alitamani gari dogo, naam, lakini lenye damu moto. Mwalimu hakukataa.

Katika yadi walikuta mawili ya namna hiyo. La kwanza lilikuwa Suzuki Swift Sport jekundu, na la pili Honda Fit RS la rangi ya kijivu. Yote mawili yalitoka Japani yakiwa yametumika, yote ya mwaka 2014, na kwa hiyo hayakuhusika na sheria ya mwaka 2018 inayokataza kuingiza Uganda magari yaliyozidi umri wa miaka 15. Yote mawili yalikuwa na gia sita za kubadilisha kwa mkono, na injini zenye mnyororo badala ya mkanda wa mpira unaohitaji kubadilishwa kila baada ya muda fulani.

Kwa nguvu yalikaribiana mno. Swift lina injini ya sentimita za ujazo 1,586 yenye nguvu za farasi 136, nazo hufikia kilele injini inapozunguka mara 6,900 kwa dakika. Fit RS lina injini ya sentimita za ujazo 1,496 na nguvu za farasi 132. Uzito wa kila moja ni tani moja na kitu kidogo. Mtu asiyejua magari angeweza kudhani kwamba tofauti yao ni rangi tu. Sajini alilizunguka lile jekundu mara tatu, akaketi katika kiti chake kilichomkumbatia mbavu, akashika usukani. Mwalimu alipotoka kwenda kufundisha kipindi cha mchana, mumewe alibaki yadini.

Siku mbili baadaye Mwalimu alikuwa akifua. Katika mfuko wa suruali ya gwanda alikuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa stakabadhi ya amana iliyolipwa kwa ajili ya gari jekundu.

Jioni aliiweka mezani, karibu na kikombe cha chai cha mumewe.

"Afande, hii ni nini?" aliuliza. Alikuwa na desturi ya kumwita Baba watoto. Neno Afande alilitumia pale tu mambo yalipoharibika.

"Mwalimu, nilitoa amana kidogo tu," alijibu Sajini. "Nilihofu lisije likachukuliwa na mtu mwingine."

"Na huyo mtu mwingine ni mimi?"

Sajini hakuwa na jibu. Chai ilipoa mezani, na usiku ule nyumba ilikuwa kimya kama lindo. Hakuwa ameiba, kwani fedha zile zilikuwa jasho lake pia. Lakini alijua kwamba ndani ya amana ile mlikuwamo mayai ya mkewe, na kila yai lilikuwa na asubuhi yake ya kuamka mapema. Kulipopambazuka alisema neno ambalo si jepesi kwa mtu aliyezoea kutoa amri: "Nimekosa."

Alirudi yadini. Muuzaji alikubali amana ihamishiwe gari lolote lililomo humo, kwa sharti kwamba mnunuzi aamue katika muda wa siku saba. Zikipita, fedha zimepotea.

Hapo ndipo Mwalimu alipotoa daftari lake. Lilikuwa daftari la matumizi ya nyumbani, ambamo kila nauli ya bodaboda na teksi iliandikwa pamoja na sababu yake. Wakalifungua pamoja, wakahesabu safari za mwezi uliopita. Zilikuwa 41. Za kupeleka watoto shule zilikuwa 18. Za sokoni na za chakula cha kuku, 9. Za ibada, 4. Za hospitali, 3. Za kijijini upande wa Masaka kumtazama mama yake Sajini, 2. Na za shughuli za Sajini mwenyewe, 5. Kisha Mwalimu akauliza ni safari ngapi ambazo mtu alikwenda peke yake bila mzigo. Sajini alihesabu kwa kidole, akarudia. Zilikuwa nne.

"Basi," alisema Mwalimu, "gari jekundu ni la safari nne. Sasa tutafute la zile 37."

Jumamosi walikwenda wote, watoto, bibi yao aliyekuja kutoka kijijini, na fundi mmoja wa karakana ya kikosi. Fundi alianza kazi kabla injini hazijawashwa, maana injini iliyokwisha pashwa moto huficha maradhi yake. Alilinganisha kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi na karatasi ya mnada kutoka Japani, kisha akatazama mpira wa pedali ya klachi na ngozi ya usukani. Alieleza kwamba namba za kilomita huweza kurudishwa nyuma, lakini pedali iliyolika haiwezi kusema uongo. Kwenye ubavu wa kila tairi alisoma tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki ya kutengenezwa, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri na bado likawa limezeeka.

Tairi hizo hizo zilileta somo la pili. Za Swift zilikuwa za kipimo cha 195/45 kwenye rimu ya inchi 17, na za Fit 185/55 kwenye rimu ya inchi 16. Fundi alifafanua kwamba tarakimu ya pili ni asilimia: kimo cha ubavu wa tairi kwa kulinganisha na upana wake. Kwa hiyo Swift lilikuwa na milimita 88 hivi za mpira kati ya rimu na barabara, na Fit lilikuwa na milimita 102. Katika lami laini, ubavu mfupi humpa dereva hisia nzuri ya barabara. Katika shimo lililojaa maji ya mvua, ubavu huo mfupi ndio utakaoamua kama rimu itapinda. Zaidi ya hayo, magari yote mawili hayakuja na tairi la akiba, bali pampu ndogo na chupa ya dawa ya kuziba tundu. Mwalimu aliandika daftarini: bei ya tairi la akiba.

Kisha ikaja zamu ya watoto. Walipoketi watatu nyuma ya Swift, mtoto wa kwanza, mwenye miaka 13 na miguu mirefu kama ya baba yake, alikaza magoti kwenye kiti cha mbele. Katika Fit alikaa akanyoosha miguu. Sababu yake inapendeza kuijua. Watengenezaji wa Fit waliliweka tangi la petroli chini ya viti vya mbele badala ya nyuma, na hivyo sakafu ya nyuma ikapata nafasi. Kikalio cha kiti cha nyuma huweza kuinuliwa wima, kikaacha uwazi kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Bibi alipoona hivyo aliomba mkungu wa matoke kwa mchuuzi aliyekuwa langoni. Uliingia umesimama wima, bila kupondeka hata ndizi moja.

Kulikuwa na jambo la petroli pia. Swift Sport la namna ile limeandikiwa na watengenezaji petroli ya daraja la juu, ambayo ni ghali zaidi. Fit RS hutumia petroli ya kawaida, ijapokuwa injini yake hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda na kwa hiyo haipendi petroli chafu.

Hata hivyo, haki ya kila kitu ipewe. Sajini aliyajaribu yote mawili, na aliporudi na lile jekundu uso wake ulikuwa wa kijana. Katika kona lilikwenda kana kwamba limesoma mawazo yake. Gia ziliingia kwa kidole. Injini ilipanda kwa wimbo. Fit lilikuwa jepesi na la haraka, lakini halikuwa na wimbo ule. Fundi alisema hivyo hivyo bila kuficha. Kama gari lingenunuliwa kwa ajili ya kona tu, Swift lingeshinda.

Sajini aliegemea ukuta wa ofisi ya yadi kwa kitambo. Kisha akasema: "Mwalimu, tuchukue Fit. Na kwa kuwa ni la nyumba, tusichukue hata hilo la RS. Lipo pale Fit la kawaida linalojibadilishia gia lenyewe. Ni nafuu."

Aliyasema haya kwa moyo mweupe, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu anayerudisha silaha ghalani. Mwalimu aliisikia sauti hiyo. Alifunga daftari.

"Hapana, Baba watoto," alisema. "Kwa miaka 23 umekwenda kwa mwendo ulioamriwa na umesimama pale ulipoamriwa. Gia hizi sita ni zako. Tofauti ya bei nitaitoa kwenye kuku. Lakini nina masharti mawili. Kadi ya gari itakuwa na majina yetu sote, na utanifundisha klachi, kwani ukipelekwa tena mbali, watoto hawatarudi kwenye pikipiki."

Bibi, ambaye alikuwa bado ameushikilia mkungu wake, alisema kwamba shauri limekwisha, na kwamba jua ni kali.

Fit la kijivu lilitoka yadini siku ya sita. Mwalimu alizimisha injini mara nyingi katika uwanja wa kambi kabla mguu wake haujazoea klachi, na askari vijana waliokuwa wakitazama walijifunza kutocheka. Mtoto wa kwanza alipomwomba baba yake akimbize gari, Sajini alimweleza jambo alilofundishwa katika udereva wa jeshi: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kishindo haiongezeki mara mbili bali mara nne. Anayegonga akiwa kwenye kilomita 100 kwa saa hupata pigo mara nne ya yule wa kilomita 50, hata kama gari ni lile lile.

Wapo wenzake waliomtania kwamba amenunua gari la akina mama. Huwajibu kwamba ni kweli, na jina la mama huyo limo katika kadi. Na kwa yeyote anayejiandaa kununua, shauri lake ni moja: andika safari zako za mwezi mzima kabla hujaangalia rangi, na andika ukiwa pamoja na yule ambaye fedha zake zimo ndani. Amana inayofichwa mfukoni haina budi kuonekana siku ya kufua.

Daftari bado liko mezani, na safari huandikwa kama zamani. Katika ukurasa wa mwezi wa kwanza wa gari, baada ya shule, soko na hospitali, upo mstari mmoja usiofanana na mingine: "Jumapili jioni, Baba watoto, peke yake, bila mzigo, saa moja." Mwandiko wa mstari huo ni wa Mwalimu.