Mbweha Aliyetembea Hewani



Leo nataka kukusimulia jambo dogo lililotokea nyumbani kwangu, hapa Mbulu mjini, mbele ya televisheni. Huenda ukashangaa na kusema: mzee mwenye mvi, tena mwalimu wa madrasa, ana habari gani na katuni za watoto? Mimi mwenyewe kabla ya siku ile ningalishangaa kama wewe. Nilikuwa mtu wa kuzima chombo kile, si mtu wa kukaa mbele yake. Lakini elimu humjia mtu kwa mlango asioutazamia, na mara nyingine mlango huo hufunguliwa na mtoto wa miaka saba.

KICHEKESHO CHENYEWE

Bila shaka nawe umekwisha kukiona kichekesho hiki. Mbweha mwembamba wa majangwa ya Marekani anamfukuza ndege mwenye mbio. Anakimbia ulimi ukiwa nje, macho yamemtoka kwa uroho, hata anaupita ukingo wa jabali bila ya kujua. Ardhi imekwisha, lakini yeye bado anakimbia. Miguu yake yazunguka hewani kama magurudumu, wala haanguki. Kisha anasita. Anapapasa kwa kidole cha mguu, hakuna kitu. Anatazama chini. Anainua uso, anatutazama sisi tulioketi, uso umemshuka kwa huzuni, na mara nyingine hutupungia mkono wa kwaheri. Hapo ndipo anapoanguka. Anakuwa mdogo, mdogo zaidi, mpaka chini kabisa kinatimka kivumbi kidogo. Punde si punde yu mzima tena, na mtego mpya anao mkononi.

Filamu ya kwanza ya mbweha huyu na ndege wake ilitoka mwaka 1949, ikiongozwa na Chuck Jones wa kampuni ya Warner Bros. Zilikuwa filamu fupi za majumba ya sinema, picha kwa picha zikichorwa kwa mkono, baadaye zikaingia katika televisheni. Kwetu televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, na huku Bara tukangoja mpaka mwaka 1994. Leo, kwa king'amuzi na sahani juu ya bati, mtoto wa Mbulu anamjua mbweha wa Marekani kuliko anavyomjua fisi wa hadithi za bibi yake. Na kwa hakika wawili hawa ni ndugu. Fisi wetu naye ni mlafi, naye kila siku hushindwa na sungura kwa sababu ya tumbo lake mwenyewe.

Pamoja na hayo sikukipenda kichekesho kile. Niliona kinawafundisha watoto kucheka mwenzao akianguka. Nikawaza: leo atamcheka mbweha, kesho atamcheka mzee aliyeteleza kwenye tope la sokoni. Basi nilipowakuta wajukuu zangu wakicheka, nilikohoa, na chombo kikazimwa. Mke wangu alikuwa akiniambia, "Mwalimu, waache wacheke, dunia itawanunisha yenyewe." Mimi nilijiona najua zaidi.

MGENI KUTOKA HANANG

Siku ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, alfajiri, mlima Hanang ulituletea msiba. Msomaji wa mbali yampasa ajue kwamba Hanang ni mlima mkubwa uliosimama peke yake, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, na mji wa Katesh umekaa miguuni pake. Mvua kubwa zilikuwa zimenyesha. Watu wakiwa bado majumbani, wengine wamelala, tope likaporomoka kutoka mlimani na mawe na magogo ndani yake, likapita katika vijiji na katika mji wenyewe. Watu zaidi ya 80 walikufa. Jina la Gendabi, ambalo wengi nchini hawakupata kulisikia, likawa katika kila redio.

Jirani yangu, Mwiraqw mwenye shamba la ngano na maharage, alikuwa na dada aliyeolewa kule. Dada yule na binti yake mchanga hawakutoka katika tope wakiwa hai. Mtoto wa kiume alitoka. Akaletwa hapa Mbulu kwa mjomba wake akiwa na kandambili zisizolingana na sweta la kupewa. Alikuwa hasemi. Ukimwamkia alikuitikia, ukimpa chakula alikula, lakini zaidi ya hayo hukupata neno. Mjomba akasema, "Babu, huyu mtoto tumemleta mwili tu."

Watoto wana sheria zao katika mambo haya. Wajukuu zangu hawakumwuliza kitu. Walimwita tu aje kucheza, na Jumamosi moja, mimi nikiwa sokoni, wakamketisha nao mbele ya televisheni. Niliporudi nilimkuta mbweha yuko hewani. Akatazama chini. Akaanguka. Wajukuu wakacheka, na yule mtoto akainuka, akapita kando yangu bila ya kuniona, akaenda kusimama nje ukutani.

Ndugu msomaji, nilikasirika. Nilizima chombo na kuwapa watoto wale waadhi mrefu. Nikawaambia: hamwoni kwamba mwenzenu ameona watu wakichukuliwa kweli? Mnacheka nini? Wakainamisha vichwa. Nami nikaenda kuswali Adhuhuri nikijiona nimeitetea haki ya yatima.

KUANGUKA HUANZA LINI?

Usiku ule usingizi haukunijia, na mawazo yangu yakamrudia mbweha. Nilijiuliza: kwa nini haanguki mpaka atazame?

Zamani wanazuoni walilifikiri sana jambo la kitu kinachorushwa. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika katika kitabu chake Al-Shifaa kwamba kitu kilichorushwa huchukua ndani yake mwelekeo kiliopewa na mrushaji, wala mwelekeo huo haupotei ila kikipata cha kukizuia. Na kwa karne nyingi wengi walidhani kwamba jiwe lililorushwa huenda mbele kwanza, nguvu ikiisha ndipo lishuke. Mwaka 1638 Galileo wa Italia alieleza katika kitabu chake kwamba sivyo: kwenda mbele na kushuka huwa pamoja, tangu mwanzo. Mguu ukishauacha ukingo, katika sekunde moja tu mtu amekwisha kushuka karibu mita 5, awe ametazama au hakutazama. Mchora katuni amemrudisha mbweha wake katika dhana ya zamani, kisha akaongeza ya kwake: kwamba asiyejua haanguki.

Hapo nikaona kwa nini tunacheka. Twacheka kwa sababu kila mmoja wetu amewahi kutumaini hivyo. Mwenye deni asiyefungua daftari lake yuko hewani. Mgonjwa anayeogopa kwenda kupimwa, akisema asiyeambiwa haumwi, yuko hewani. Mlevi anayehesabu mshahara wa mwezi ujao, naye yuko hewani. Wanazuoni wetu huiita hali hii ghafla, yaani kughafilika, nao wameionya katika kila zama. Ughafilifu hauzuii kuanguka, bali hutuzuia tusijue kwamba tumekwisha kuanza.

Na mlima je? Wapo waliodhani siku ile kwamba Hanang umelipuka, kwa kuwa asili yake ni volkano. Wataalamu wa miamba wakaeleza kwamba haukulipuka: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua mpaka ikalemewa, ikameguka, ikawa tope. Basi kuporomoka kule hakukuanza alfajiri. Kulianza kimya kimya ndani ya mwamba, tone kwa tone, watu wakiwa wanapika, wanasuka nywele, wanafunga milango. Sisemi hivi kwa kuwalaumu wenzetu wa Hanang. Nani kati yetu ajuaye kinachonyonya maji juu ya kichwa chake?

Nililala karibu na alfajiri, nikiridhika na fikra yangu. Niliiona ni waadhi mzuri wa Ijumaa. Lakini ilikuwa bado nusu, na nusu ya pili hakuwa nayo Ibn Sina wala Galileo.

MKONO NYUMA

Wiki mbili baadaye nilikuwa barazani nachambua maharage pamoja na mke wangu. Watoto walikuwa uani, na televisheni, kwa amri yangu, ilikuwa imezimwa. Nikasikia vicheko, nikainua macho.

Yule mtoto alikuwa katikati ya uwanja. Alikuwa anakimbia pale pale alipo, magoti juu, mikono ikisukuma hewa, ulimi nje. Alikuwa mbweha. Wenzake wakapiga makofi. Akasita. Akapapasa kwa kidole cha mguu. Akatazama chini, kwa muda, katika mchanga wa uwanja wangu. Maharage yalinikauka mkononi. Nilisema moyoni: sasa ataanguka, nami nitafanya nini?

Hakuanguka. Alinyosha mkono mmoja nyuma yake, akaubakiza hivyo, vidole wazi.

Mjukuu wangu akamwuliza, "Sasa unangoja nini? Anguka!"

Akajibu, "Nangoja mtu anishike."

"Kwenye TV hakuna mtu."

"Ndiyo. Kwa nini hakuna?"

Wote wakanyamaza, wakafikiri. Kisha yule mtoto, bila ya kuushusha mkono wake, akasema kwa sauti ile ile ya mchezo, "Mimi alinishika mama wa maandazi. Alinivuta shati, likachanika."

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza juu ya alfajiri ile. Mjukuu wangu hakusema pole, wala hakulia. Alikwenda akaushika ule mkono, akauvuta kwa nguvu zake zote, wote wawili wakaanguka chali juu ya mchanga, wakacheka. Kisha wakataka kurudia, na kila mtoto akataka kuwa mbweha, na kila mtoto akataka kuwa mama wa maandazi. Mke wangu alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akaendelea na maharage. Hakuniambia lolote, nami nilimshukuru kwa hilo.

Tangu siku ile maneno yakaanza kumtoka, moja moja: jinsi lilivyonguruma, jinsi alivyotafuta kandambili. Mjomba wake humsikiliza. Wakati mwingine hulia, kama mtoto yeyote anavyopaswa kulia.

NILICHOJIFUNZA

Ndugu msomaji, kwanza nilijifunza kwamba nilikuwa na haraka. Sote tumesoma habari za Abu Umayr, mtoto mdogo wa Madina aliyefiwa na kidege chake, na jinsi Mtume (s.a.w.) alivyomkuta na huzuni akamwuliza habari za kidege kile kwa maneno ya mzaha mwema. Nimewafundisha wanafunzi wangu hadithi hiyo mara nyingi. Lakini alipofika mtoto mwenye huzuni mlangoni kwangu, mimi nilimpa kimya na kioo kilichozimwa. Nilidhani namlinda na kicheko, kumbe kicheko ndicho kilikuwa njia yake ya kutokea.

Sisemi kila katuni ni njema. Mzazi na achunguze, kama achunguzavyo chakula. Wala sisemi kwamba mtoto aliyeondoka chumbani hakuumia, aliumia. Lakini alikichukua kile kilichomwumiza, akakitengeneza upya kwa mikono yake, akakitia kitu kilichokosekana.

Na kilichokosekana ni jirani. Mtazame vizuri yule mbweha. Yuko peke yake katika jangwa lake. Hakuna wa kumwita, "Ewe, ardhi imekwisha!" Anapotazama chini, ana sisi tu wa kututazama, nasi tuko nyuma ya kioo, kazi yetu ni kucheka. Ndiyo maana hana ila kupunga mkono wa kwaheri. Lakini watu wa Katesh hawakuwa nyuma ya kioo. Kabla askari hawajafika, kabla ya malori ya mablanketi na unga kutoka mikoa mingine, palikuwa na watu wenye tope kiunoni wakishika mikono na mashati ya watu.

Toba, kwa asili ya neno lake la Kiarabu, maana yake ni kurudi. Siku zote nilifundisha kwamba mtu akigundua kosa lake, na arudi. Sikufikiri vya kutosha kwamba aliye hewani hana pa kukanyaga ili arudi. Mwenye deni, mgonjwa, mlevi wa mtaa wetu, wakitazama chini siku moja na kuinua nyuso zao, watamtazama nani? Wakitukuta sisi tumeketi kama watazamaji, basi hawatakuwa na la kufanya ila kutuaga.

Siku hizi Jumamosi televisheni yangu huwashwa. Huketi na watoto, kikombe cha chai mkononi. Mbweha akifika ukingoni, wajukuu hucheka kama zamani, na yule mtoto hucheka nao. Ila yeye, na sijui kama mwenyewe anajua, kila mbweha anapotazama chini hunyosha mkono kidogo kuelekea kwenye kioo.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa Hanang, awape subira waliobaki, na atujaalie tuwe karibu mwenzetu anapotazama chini. Amin.