Bugarama: Bonde la Mpunga na Maji ya Mbu

Msafiri atokaye Kigali kwenda Rusizi kwa barabara ya Huye hana budi kuupita msitu wa Nyungwe, ambao mwaka 2023 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kwa muda mrefu gari hupinda na kupindua chini ya miti mirefu, ukungu ukining'inia juu ya mabonde. Msitu ukiisha, mashamba ya chai huanza, na baada yake Ziwa Kivu huonekana kwa mbali likimeta. Hapo ndipo Kamembe, mji wa biashara wa Rusizi. Wilaya hii imo katika eneo lililoitwa Cyangugu hadi mwaka 2006, ulipofanyika mgawanyo mpya wa utawala wa nchi. Chini kidogo, mto Rusizi hutoka ziwani na kuanza safari yake ya kwenda Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya daraja ni Bukavu, mji wa Kongo.

Kutoka Kamembe barabara ya kusini huteremka, na kila kilima kinapopitwa baridi hupungua. Mwisho wa mteremko ni bonde la Bugarama, mahali pa chini kuliko pote nchini Rwanda, kiasi cha mita 950 juu ya usawa wa bahari. Hapa jua ni kali. Kongo iko upande mmoja, Burundi upande mwingine, na katikati yake hupita wachuuzi, madereva na vibarua, ndiyo sababu Kiswahili husikika sokoni bila kutafutwa. Kipo pia kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kilichoanza kazi mwaka 1984. Lakini uso wa bonde hili ni mpunga: majaruba ya kijani yaliyopangwa kama mikeka, yakinyweshwa kwa mifereji itokayo mto Rubyiro.

Kwa mkulima wa Bugarama, mpunga ni silaha ya kuupiga umaskini. Gunia likiuzwa, mtoto hupata daftari na sare, nyumba hupata bati, na jamaa hulipiwa mchango wa bima ya afya ya jamii, unaowawezesha kutibiwa kwa gharama ndogo.

Hata hivyo, maji yaleyale yanayolea mpunga hulea pia mbu aenezaye malaria. Mbu huyu hupenda maji ya kina kifupi, yaliyotulia na kupigwa na jua. Jaruba lililopandikizwa miche juzi ni makao yake bora, kwa kuwa mpunga ungali mfupi na kivuli hakijapatikana. Katika joto kama la Bugarama, yai hugeuka kiluwiluwi na kisha mbu kamili katika muda wa wiki moja hadi mbili. Basi mkulima anayepanda chakula cha watoto wake huweza, bila kujua, kuwa anapanda homa yao. Na homa hiyo humrudisha alikotoka: siku za palizi hupotea kitandani, na fedha za gunia huishia katika nauli na dawa.

Dunia imehangaika na jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1955 Shirika la Afya Duniani lilitangaza vita vya kuifuta malaria duniani. Nchi kadhaa zilifaulu, ila sehemu kubwa ya Afrika kusini ya Sahara iliachwa nje ya mpango huo. Mwaka 1978, katika mkutano wa Alma-Ata, mataifa yalikubaliana kwamba afya ianzie kijijini, karibu na mwananchi. Mwaka 2000 viongozi wa Afrika walikutana Abuja na kuahidi kuwafikishia kinga na tiba watoto na wajawazito. Mwaka 2002 ukaanzishwa Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria.

Maazimio hayo yalikuwa na maana Bugarama pale tu yalipofika mlangoni. Rwanda ilianza mpango wa wahudumu wa afya wa vijiji mwaka 1995. Wahudumu hao huchaguliwa na wanakijiji wenyewe, nao ni majirani, wakulima kama wengine. Mtoto akishikwa na homa, mhudumu humtoboa kidole, hutazama kipimo cha haraka, na akiona vimelea humpa dawa papo hapo. Tangu mwaka 2016 huduma hiyo ilianza kupanuliwa iwafikie watu wazima pia. Vyandarua vyenye dawa viligawiwa, na katika wilaya zenye malaria nyingi kuta za ndani zikanyunyiziwa dawa ya kuua mbu. Matunda yalionekana: mwaka 2016 Rwanda ilihesabu wagonjwa zaidi ya milioni 4, kufikia mwaka 2023 walikuwa chini ya milioni 1.

Lakini adui hakulala. Mwaka 2020 wataalamu walitangaza kwamba nchini Rwanda vimeonekana vimelea vinavyoanza kuizoea artemisinini, dawa inayotegemewa kuliko zote. Mwaka 2024 hesabu ya wagonjwa ilianza kupanda tena. Mwaka 2025 Marekani, mfadhili mkubwa wa vita hivi, ilipunguza misaada yake kwa nchi nyingi. Na mbu hana pasi ya kusafiria: kijiji kikijikinga ilhali jirani wa ng'ambo ya mto hana kinga, homa hurudi.

Ndipo swali linapomgeukia mwenye jaruba. Ipo njia ambayo haingoji meli wala ndege: kulikausha jaruba kwa siku chache, kisha kulinywesha tena, ili viluwiluwi vife kabla ya kuota mabawa. Mpunga ukitunzwa vema huvumilia. Ugumu wake ni kwamba haifai kufanywa na mtu mmoja. Mmoja akikausha na wenzake wakiacha maji yametuama, mbu watatoka kwa wenzake. Yataka majirani wakubaliane zamu za maji, wasafishe mifereji pamoja, na kila mmoja aishike zamu yake kama askari ashikavyo lindo.

Kwa jamaa zinazokaa kambini au nyumbani karibu na maji, somo la Bugarama ni lilelile. Chandarua kitundikwe kila usiku, na kikichanika kishonwe siku hiyohiyo. Homa ipimwe kabla ya kunywa dawa. Dozi imalizwe hata kama mgonjwa amepata nafuu siku ya pili, kwa maana kimelea kilichoponea dozi pungufu hujifunza kuishinda dawa. Madimbwi na makopo yenye maji yafukiwe au yamwagwe. Misaada ya nje ikipungua, kazi hizi ndizo zitakazobaki mikononi mwa kila nyumba, na hazipaswi kungoja mvua zijazo.