Mistari ya Makaa Mlangoni

Vijana wenzetu, sisi tuliotoka Masako kwa baiskeli kwenda kusoma sheria ya biashara katika Chuo Kikuu cha Kisangani tuliuonea aibu mlango wa mama. Kila gunia la makaa alilokopesha alilitia alama pale kwa mstari mweusi, kwa kuwa kuandika hakujua. Siku moja ya Noeli tuliifuta zaidi ya nusu, tusionekane washamba mbele ya wageni.

Kisha mwalimu akatufungulia sheria za OHADA, ambazo nchi yetu inazifuata tangu 2012. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Pamoja ya Biashara kwa Jumla chasema kuwa dhidi ya mfanyabiashara, tendo la biashara laweza kuthibitishwa kwa njia yoyote. Kwa njia yoyote! Na deni la namna hiyo hupotea baada ya miaka 5.

Jioni ile tulirudi kimya. Mchuuzi mmoja wa mjini alidaiwa magunia 14. Mistari iliyosalia ilikuwa 6. Mama hakutukemea. Aliuliza tu kama sheria hiyo huwasikiliza pia mashahidi. Tukamjibu ndiyo, tukanunua daftari, tukaanza kuwatafuta.