Nyuti wa Milimani na Umri Wake

Safari hii naandika juu ya kiumbe ambaye wengi wetu hatujamwona. Anaitwa nyuti. Ni jamaa wa chura, ila ana mkia kama mjusi, na kusini mwa Sahara hapatikani. Ninayemkusudia huishi Ulaya, hadi juu katika milima ya Alps. Tumbo lake ni la rangi ya chungwa, na urefu wake hauzidi sana sentimita 12.

Kilichonifanya nimfuatilie ni mwanafunzi wangu mmoja mwenye mwili mdogo. Ana miaka 13, lakini kila mgeni akiingia darasani humwuliza, "Na wewe umefuata nini kwa wakubwa?" Naye huinamisha kichwa. Hilo hunikera sana.

Sasa umri wa nyuti hujulikanaje? Hukatwa ncha ya kidole (nacho huota tena, subhanallah), mfupa ukakatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini. Wakati wa baridi kali mnyama huyu hujificha, mfupa huacha kukua, na hubaki mstari. Mistari hiyo huhesabiwa, kama ile ya shina la mti.

Juu mlimani theluji huchelewa kuyeyuka, hivyo miezi ya kula na kukua ni michache. Nyuti wa bondeni aweza kuanza kuzaa akiwa na miaka 2 au 3 hivi. Wa juu husubiri miaka mingi zaidi, na kwa kawaida huishi zaidi. Mtu atadhani basi wa mlimani ni mdogo wa mwili. Pengine ndivyo. Lakini kwingine yeye ndiye mkubwa, kwa kuwa nyuti akishapevuka ukuaji hupungua mno, na aliyechelewa amepata misimu mingi ya kukua kabla ya hapo. Kwa hiyo wawili wa urefu mmoja waweza kupishana miaka mingi, na rula haitakwambia kitu.

Nilipolisomesha jambo hili, yule mwanafunzi wangu ndiye aliyeuliza: kidole kikishaota upya, mistari ya zamani hurudi? Swali zuri hilo! Hairudi. Mfupa mpya huanza hesabu yake tangu siku ulipoota, ndiyo maana mtaalamu hutafuta kidole ambacho hakijawahi kukatika.